Sura ya Saba: Somo la Udongo kwa Mwalimu Pu

Buli la chai lilikaa mezani pa Inspekta Kuang Yuzhen tangu asubuhi, na kila aliyeingia ofisini alilitazama kwanza kabla ya kumsalimia mwenye meza. Ndivyo watu wa Dingshu, mji wa wafinyanzi, walivyo. Angeweka bastola pale mezani wasingeigeukia mara mbili.

Yeye mwenyewe alikuwa mgeni. Mwanamke huyu alizaliwa Wuxi mjini, akafanyia kazi huko, na maisha yake yote alikunywa chai kwenye bilauri yenye kifuniko cha plastiki, majani yakielea yatakavyo. Kwake buli lilikuwa chombo cha jikoni, basi. Na sasa chombo hicho cha jikoni, chekundu kilichofifia, cha kuenea kiganjani, ndicho kitu pekee alichokuwa nacho juu ya Yin Caiyue, mfinyanzi aliyeaga kwa mama yake baada ya sikukuu za Mwaka Mpya na hajaonekana tena. Mvua za Juni zilikuwa zimeshaanza.

"Inspekta, ukilishika hivyo utawaliza watu," alisema Sajini Chu Baogen, mwenyeji wa hapo, mtu wa mdomo mrefu na tumbo la kutosha. "Shika mwili, kifuniko kizuie kwa kidole. Kikianguka hicho, hupati kingine duniani cha kukaa pale. Vimechomwa pamoja tanurini, ni mtu na mkewe."

"Watu na wake zao huachana, Chu."

"Huko kwenu Wuxi. Hapa tunavunjikia ndani."

Kuang hakucheka. Alimpa tochi. "Nionyeshe tena ulichoniambia. Polepole, kama unamwonyesha mtoto."

Chu akafungua kifuniko, akamulika ndani. Kwanza alimwonyesha mshono, pale ubapa wa udongo ulipokunjwa ukaunganishwa, umefichwa nyuma ya mpini kama kawaida. Kisha akamwonyesha mikwaruzo myembamba ya kipande cha pembe ya ng'ombe, kile ambacho wafinyanzi hulainishia ukuta wa buli. Ilitaka jicho la subira. Ilipoonekana, ilionekana kweli: yote ililalia upande mmoja.

"Hiyo ni kazi ya mtu wa shoto," alisema Chu. "Lakini angalia kitako. Muhuri ni wa nani? Pu Henian. Mwalimu Pu mwenyewe, ambaye wageni wa Taiwan wanapigana vikumbo kwa ajili yake. Na Mwalimu Pu ni mtu wa kulia tangu azaliwe."

"Na Caiyue?"

"Shoto. Shuleni tulikuwa tukimtania, kila tukila anamgonga jirani kwa kiwiko." Chu akazima tochi. Utani ulikuwa umemwishia. "Alikuwa mwanafunzi wake Mwalimu Pu. Yeye na Hongfen."

Mei Hongfen. Jina hilo Kuang alikuwa akilikuta kila mara tangu apewe kazi hii. Hongfen naye alipotea. Vuli iliyopita alikutwa akielea katika shimo la zamani la udongo lililojaa maji, nyuma ya Mlima Huanglong. Wakubwa wakasema aliteleza, kesi ikafungwa. Hongfen alipotea kwanza, kisha akapatikana. Caiyue alikuwa bado katika kupotea, na Kuang hakutaka kabisa awe wa kupatikana namna ile.

"Aliyeliuza ni Weiren, mtoto wa Mwalimu," aliendelea Chu. "Tumemkamata mchuuzi aliyekuwa nalo, akatuambia hivyo bila kupigwa hata kofi. Anasema Weiren alimwapia kwamba mzee tangu kiharusi kimuue mkono wa kulia Desemba, amejifunza kutumia wa kushoto."

"Inawezekana?"

"Mimi ni polisi. Babu yangu ndiye aliyekuwa mfinyanzi."

"Basi twende tukamwone huyo mwenye mkono mpya."

"Utamwambia nini? Huyo si mtu wa kumwendea hivihivi."

"Nitamwambia ukweli," alisema Kuang, akalifunga buli kwa taulo. "Kwamba sijui kitu, na nataka kufundishwa."

Nyumba ya Mwalimu Pu ilikuwa mwisho wa kichochoro, nyuma ya tanuri la zamani lisilowashwa tena. Weiren ndiye aliyefungua lango. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati zuri lililolowa makwapani ingawa mvua ilikuwa imeleta baridi.

"Baba amepumzika," alisema kabla hajaulizwa.

"Tutamngoja, kaka."

"Akilala halali kidogo."

"Sisi tunalipwa mshahara kwa kungoja," alisema Chu.

Kutoka ndani ikaja sauti ya mzee, nzito kidogo upande mmoja, lakini yenye upole. "Weiren, mgeni haulizwi maswali langoni. Walete."

Weiren akapisha. Kuang aliona jinsi alivyotembea ndani ya nyumba ya baba yake, akikanyaga kwa ncha za viatu kama mwizi. Akaliweka hilo moyoni.

Mwalimu Pu alikuwa ameketi mbele ya meza yake ya kazi, karibu na dirisha. Alikuwa msafi wa kupendeza. Nusu ya uso ilikuwa imelegea, na mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichoazimwa. Shingoni alivaa uzi mwekundu uliozama ndani ya shati. Alimkaribisha Kuang kwa jina, akamimina chai nyekundu ya huko kwao kwa mkono wa kushoto, wala tone halikumwagika.

"Nimeambiwa hujui mabuli," alisema.

"Sijui hata kuyashika, Mwalimu. Sajini wangu amenisuta asubuhi nzima."

Mzee akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Akamsogezea buli la chai. "Mimina. Katikati ya kumimina, ziba tundu la kifuniko kwa kidole."

Kuang akamimina. Akaziba tundu. Maji yakakatika palepale mdomoni mwa buli, akaachia, yakaendelea. Alijikuta akirudia kama mtoto, akasahau kwa dakika nzima kilichomleta.

"Umeona? Kifuniko kisichokaa sawa hakizuii maji. Hilo ni la kwanza kumwangalizia mfinyanzi. Nenda dukani kwa mtu yeyote Dingshu, fanya hivyo, na muuzaji atakuogopa."

"Na hili?" Kuang akafungua taulo, akaliweka buli la ushahidi mezani. "Hili umelitengeneza wewe?"

Mzee alilitazama muda mrefu. "Muhuri wangu."

"Muhuri nimeuona. Nauliza mikono."

"Mkono wa kushoto!" alidakia Weiren. "Siku hizi baba anatumia wa kushoto. Dingshu nzima inajua."

"Mwanangu ana haraka," alisema Mwalimu Pu bila kumtazama. "Toka utotoni. Ndiyo maana hakuweza kazi."

"Kwani wewe hufinyangi?" Kuang alimgeukia Weiren.

"Mimi? Udongo sijaugusa tangu utotoni, na mtu wa kumfundisha sijawahi kuwa naye. Mimi nauza tu." Alijifuta jasho. "Nauza, narudi, nalala."

Mtu huyu ana kitu, aliwaza Kuang. Ana kitu kikubwa, na kinamtoa jasho. Akageuka tena kwa mzee.

"Mwalimu, nifundishe. Nataka kujua jinsi ukuta wa buli unavyosimama. Labda nikijua hilo nitaelewa na mengine."

"Baba, umechoka," alisema Weiren. "Usimpe kibao."

Ajabu, sauti yake ilitetemeka kwenye neno hilo la mwisho. Mzee alionekana kusita. Lakini mbele yake alikuwa ameketi mtu asiyejua kitu, ameinamisha kichwa, anaomba kufundishwa. Walimu wa namna ile hawawezi kuliacha hilo lipite, hata liwagharimu roho. Akaelekeza kwa kidevu kwenye mtungi uliofunikwa, ambamo udongo hutunziwa unyevu.

Ndani kulikuwa na ubapa wa udongo tayari umekatwa. Kwa maelekezo ya mzee, Kuang aliukunja ukawa mfano wa kopo lisilo na kitako, akaunganisha mshono, akausimamisha juu ya kibao cha kuzungusha. Kisha akapewa kibao chembamba cha kupigia, chenye mpini uliolainishwa na viganja vya miaka.

"Vidole vya kushoto ndani, vinashikilia. Kulia kunapiga nje. Vidole hivyo hivyo vinauzungusha. Piga, zungusha. Piga, zungusha. Juu utajikunja wenyewe."

Pa. Pa. Pa. Kuang akapiga. Kopo likaanza kuinama upande kama mlevi.

"Hilo ni buli au kiatu?" aliuliza Chu kutoka mlangoni.

"Kaa kimya, Chu." Lakini akilini mwake jambo lilikuwa limeshatua. Mikono miwili. Kazi hii haikuwa na njia nyingine: mmoja ndani, mwingine nje, na wote pamoja kwa wakati mmoja. Mtu mwenye mkono mmoja, hata awe bingwa wa mabingwa, angeupiga ukuta ukaanguka chini. Mwalimu Pu hakulitengeneza buli lile baada ya kiharusi. Na kabla ya kiharusi alikuwa mtu wa kulia. Weiren alidanganya, na mzee aliuacha uongo upite.

Ilibaki swali moja, nalo ndilo lililomnyima usingizi. Caiyue angeweza kuwa amelitengeneza kabla hajapotea. Buli haliwezi kusema kama aliyelifinyanga bado anapumua.

"Piga kwa nguvu," alisema mzee. "Usisimame. Ukisimama ukuta unalegea."

"Wanafunzi wako pia uliwakemea hivi?"

"Sikuwakemea. Mimi nilikaa hapa, wao nyuma. Hawakuniona, walinisikia." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilijaa raha. "Nyumba hii ina pigo moja, Inspekta. Langu likianza, yote yanaanza. Likisimama, yote yanasimama. Hata mtu awe amebakiza kidogo kumaliza, anasimama. Ndiyo maana kazi yao ilikuwa kazi yangu."

Weiren aliinamisha uso, akayatazama mawe ya sakafu.

Kuang aliendelea kupiga. Mkono ulianza kumwuma begani, jasho likamwingia machoni. Akasimama ghafla ajifute kwa mkono wa shati.

Pa.

Pigo moja, la mbali, la chini kwa chini. Kisha kimya.

Kibao alikuwa nacho mkononi, hakijagusa kitu. Akainua macho taratibu. Weiren alikuwa mweupe kama karatasi.

"Jirani," alisema Weiren.

"Dingshu nzima inapiga udongo, mama," alisema mzee kwa upole. "Endelea. Usisimame."

Akaendelea. Pa, pa, pa. Safari hii aliacha kwa makusudi, katikati ya mzunguko, bila kuinua uso.

Pa. Kimya.

"Piga," alisema mzee.

Akapiga tena, akaacha tena, na ile sauti ikaja tena, moja tu, iliyochelewa kidogo, kama mtu aliyeshtukizwa. Jirani hasimami eti kwa sababu polisi aliye nyumba nyingine amesimama. Mahali fulani ndani ya nyumba hii kulikuwa na mtu anayesikiliza mkono wake, na kuufuata.

Yuko hai. Furaha ilimjia Kuang kwa nguvu, na nyuma yake tu ikaja hofu, kubwa kuliko furaha yenyewe. Akikosea hatua moja hapa, akiondoka kwenda kutafuta watu wa kuvunja mlango, Caiyue angekuwa shimoni kabla ya jioni. Hongfen labda naye alikuwa hai siku polisi walipopita mlangoni hapo kuuliza. Alikiweka kibao chini kwa uangalifu.

"Nimeshindwa, Mwalimu," alisema, akajilazimisha kucheka. "Kiatu kimebaki kiatu. Weiren, utakwenda na sajini wangu mara moja. Kuna maneno ya mchuuzi yanataka kusahihishwa."

"Mimi? Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kaka."

Aliwafuata mpaka langoni. Chu alikuwa amemshika Weiren kiwiko. "Umesikia?" Kuang alimnong'oneza sajini.

"Nimesikia kitu. Sijui nini."

"Mkabidhi huyu kwa askari wa njia panda, kisha urudi mbio. Mimi nabaki na mzee. Akiondokewa na huyu, atasema."

Weiren alisikia. Akajigeuza kwa nguvu, akamshika Kuang mkono wa shati. "Inspekta, usikae naye peke yako."

"Unaogopa atasema nini?"

Weiren alifumbua mdomo. Jicho lake likakimbilia kwenye dirisha la baba yake, ambako kivuli cha mzee kilionekana kimetulia nyuma ya kioo. Akafumba mdomo. Mvua ilimpiga usoni, naye akaongozwa kichochoroni.

Bila shaka anaogopa mzee asimwage siri, aliwaza Kuang. Ameishi juu ya jina la baba yake, amemfungia mwanafunzi wa baba yake, na sasa anamtisha baba mwenyewe. Kila kitu kilikaa mahali pake. Kuang alirudi ndani akimwonea mzee huruma.

Mwalimu Pu hakuwa amesogea kwenye kiti. Lakini kopo la udongo alilolipiga Kuang lilikuwa limebonyezwa likawa bapa mezani, na katikati yake kulikuwa na alama ya kiganja cha kushoto.

"Kazi mbaya hailali nyumbani kwangu," alieleza.

"Mwalimu, mwanao hayupo. Hakuna wa kukusikia. Niambie, Caiyue yuko wapi?"

Mzee alipumua. Jicho la upande uliokufa lilitiririka chozi, akaliacha. "Nilijua siku moja atakuja mtu," alisema. "Mwanangu, mwanangu... Nisaidie kusimama, mama."

Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Akachukua mkongojo wake, wakapita jikoni ambako chipukizi za mianzi zilikuwa zikiloweshwa kwenye beseni, wakatoka uani. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nyuma ya ua kulikuwa na stoo yenye paa la vigae, na mlango wa mbao nene za zamani.

"Hapa tunalaza udongo," alisema. "Chini. Udongo unataka giza na unyevu, miaka na miaka, ndipo unatii."

Akaubana mkongojo kwapani, akaingiza vidole vya kushoto kifuani, akauvuta ule uzi mwekundu. Mwishoni mwa uzi ulining'inia ufunguo.

Kuang aliutazama ufunguo, na hatua zake zikakatika zenyewe.

Mfungwa wa Weiren, na ufunguo uko shingoni kwa baba. Kwa nini? Akili yake ilianza kurudi nyuma, haraka, ikivunja kila kilichokaa mahali pake. "Usimpe kibao." Weiren hakuwa akihofia mzee achoke. Alijua kwamba kibao kikianza kulia kwenye chumba kile, chini kwenye giza mkono mwingine ungeanza. Nyumba hii ina pigo moja. Mzee alijisahau kwa ajili ya raha ya kufundisha, na alipokumbuka ilikuwa imeshachelewa, likabaki la kufanya moja tu: mgeni asisimame, apige bila kuacha, lile pigo la mwisho lisisikike. Piga. Endelea. Usisimame. Naye Kuang alidhani ni ukali wa mwalimu.

Na mkono ule wa chini ulisimama kila aliposimama. Mkono hausimami hivyo siku ya kwanza. Ulifundishwa, kwa miaka, kwa hofu. Weiren hakuwahi kumfundisha mtu yeyote kitu chochote. Ndiye aliyejaribu kumwambia asikae hapa peke yake, naye Kuang akamfukuza kwenye mvua.

"Tangulia, mama," alisema Mwalimu Pu, akiusukuma mlango ambao, Kuang akiwaza, alikuwa ameshaufungua. Ngazi za mawe zilishuka gizani. "Jishike ukutani. Panateleza."

Hongfen aliteleza. Mzee wa kiharusi na mkongojo, na yeye alikuwa anamwogopa kuliko majambazi aliowahi kuwakimbiza kwenye mifereji ya Wuxi.

"Nipe ufunguo, Mwalimu."

"Mlango umeshafunguka."

"Nipe."

Waliangaliana. Nusu ile ya uso iliyo hai ilitabasamu. "Unajifunza upesi. Kama ungekuja kwangu ukiwa kijana ningekutengeneza kitu."

Kuang akaushika ufunguo. Vidole vya mzee havikuachia. Vilikuwa vigumu kupita kiasi, vidole vya mtu aliyefinya udongo maisha yake yote, na kwa muda walivutana kimyakimya juu ya ngazi, mgongo wa Kuang ukielekea kwenye giza. Uzi ukakatika. Alipepesuka hatua moja nyuma, kisigino kikakosa jiwe, akajidaka kwenye fremu ya mlango. Mkono wa kushoto wa mzee, mtupu sasa, ulikuwa umeshaudaka mkongojo kwapani na kuuinua kidogo kutoka ardhini. Akautua tena, kama mtu aliyekuwa akibadilisha mkao tu.

"Inspekta!" Chu alikuwa akija mbio uani, matope mpaka magotini. "Inspekta, huyo Weiren analia kule kama mtoto, anasema..."

"Najua anasemaje. Mshike mzee. Simama naye hapahapa, na mkongojo mnyang'anye."

Chu alisita, kwani alikuwa akinyang'anya mkongojo wa mtu ambaye Dingshu nzima humwinamia. Kisha akaunyang'anya.

"Hamwelewi," alisema Mwalimu Pu, bila kupandisha sauti. "Mikono ile ni yangu. Mimi niliitengeneza. Wa kulia ulianza kunitetemeka miaka mingi kabla haujafa. Mngetaka nife nao?"

Kuang alishuka, tochi mkononi, bega likisugua ukuta wenye maji. Harufu ya udongo uliolala ilimjaa kooni. Chini kulikuwa na taa ya umeme yenye mwanga mdogo, na chini yake marundo ya udongo yaliyofunikwa magunia mabichi, godoro, ndoo. Rafuni yalikuwa yamepangwa mabuli yasiyochomwa bado, mazuri, yote ya mkono mmoja. Hata yeye, mwanafunzi wa siku moja, aliliona hilo.

Mwanamke alikuwa ameketi mbele ya meza ya kazi, mgongo umenyooka. Kibao kilikuwa katika mkono wake wa kushoto, kimeinuliwa, kinangoja. Hakuwa amefungwa kamba wala mnyororo. Uso wake ulikuwa mweupe wa kutoona jua.

"Yin Caiyue? Mimi ni polisi. Mama yako amenituma. Yuko nyumbani anakusubiri."

Caiyue hakumtazama. Alitazama juu ya bega lake, kule juu ya ngazi, ambako kivuli cha mzee kilisimama mlangoni katikati ya mwanga wa mchana.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ndogo, "nisimame?"

Mzee hakujibu. Uso wa Caiyue ukaanza kujikunja kwa hofu, kama mtoto aliyekosea na hajui kosa lake. Halafu akainama juu ya udongo akaanza kupiga. Pa, pa, pa, sawasawa, bila kukosea hata mara moja.

Kuang alimfikia, akamshika kiwiko cha mkono. Mkono ule ulikuwa mwembamba, nao uliendelea kuvuta ndani ya kiganja chake, ukitaka kushuka. Machozi yalimtoka Kuang, hakujali nani anaona.

"Acha, mdogo wangu. Imekwisha. Weka chini kibao, twende kwa mama."

Caiyue ndipo alipomtazama mara ya kwanza, macho yamemtoka kwa woga.

"Usinisimamishe, dada," alisema. "Hongfen alisimama."